"Dhahiri" maana yake nini kwenye hataza ya dawa?

Hapa Bukavu ukitaja kemia ya dawa, watu wanawaza kenkina, mti ambao ganda lake linatoa kinini. Mtoto wa dada yangu anasoma farmasi. Juzi aliniuliza: "Mjomba, nikibadilisha kipande kimoja tu cha molekuli ya kinini, si nimevumbua kitu kipya? Naomba breve." Breve ndivyo tunavyosema huku, vitabuni ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda.

Kipya, huenda. Lakini sheria inauliza na swali la pili: je, badiliko hilo lilikuwa dhahiri? Anayeulizwa si muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wa mtaa wa Kadutu, wala si bingwa wa mabingwa. Ni mtaalamu wa kawaida wa fani, ambaye tunamchukulia kuwa anajua yote yaliyokwisha kuchapishwa. Kama angekuwa na sababu ya kufanya badiliko lile, na matumaini ya haki kwamba litafaulu, basi ni dhahiri, hata kama hakuna aliyewahi kulifanya.

Chukua amlodipini, dawa ya presha ya Pfizer. Chumvi yake ya maleati (chumvi hapa ni dawa iliyounganishwa na asidi) ilinata kwenye mashine ya kupiga vidonge, wakahamia besilati. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani ilibatilisha madai ya besilati, yaani sentensi za hataza zinazotaja kinacholindwa: besilati ilikuwamo kwenye orodha ya chumvi 53 iliyochapishwa 1977, na kuzijaribu moja moja ni kazi ya kila siku ya maabara. Mimi naiona hukumu kali kidogo, maana besilati ilikuwa karibu haitumiki kabisa.

Mwaka huohuo hataza ya pioglitazoni, dawa ya kisukari ya Takeda, ilipona. Kampaundi ya zamani iliyofanana na dawa hiyo zaidi ilijulikana kwa kuongeza uzito wa mwili. Nani angeianzia hiyo?

Nikamwambia mpwa wangu achore molekuli yake. Akachora nyuma ya risiti, akaweka herufi R kwenye kona moja, mahali pa kipande kinachobadilishwa. Hapo ndipo dai linapoandikwa: "kampaundi yenye fomyula I, ambamo R imechaguliwa kutoka kundi la methili, ethili na propili", vipande vidogo vya kaboni na hidrojeni. Mtindo huu wanauita Markush, kwa jina la Eugene Markush, aliyepewa hataza ya rangi kwa maneno hayo mwaka 1924. Mpwa wangu akataka kuongeza vipande vingine kumi. Nikamzuia: kampaundi moja tu ndani ya kundi ikiwa ya zamani, au dhahiri, dai lote linaweza kuanguka. Ndiyo maana waandishi wazoefu huweka dai pana, chini yake jembamba, na mwishoni kampaundi moja iliyotengenezwa kweli. Pana likianguka, jembamba bado linaweza kusimama.

Na methili kugeuzwa ethili? Kwa mkemia hao ni ndugu, kwa hiyo shaka ya udhahiri inaanza papo hapo. Kinachoweza kuiondoa ni matokeo yasiyotarajiwa, yakipimwa dhidi ya kampaundi iliyo karibu zaidi. Tazama jinsi tofauti ndogo inavyoweza kuleta kazi nyingine: kinini na kinidini zina atomi zilezile, mpangilio wake angani tu ndio tofauti, lakini kinidini imejulikana zaidi kwa kutuliza mapigo ya moyo.

"Sasa una vipimo?" nikamuuliza. Akaikunja risiti, akaitia mfukoni.