Kwa nini mvuke hufanya ganda la mkate liwe kavu, linalolia "kruu"?

Biskuti ukiisahau nje siku ya mvua, inalegea. Hilo kila mtu analijua: maji hulainisha. Sasa iweje waokaji wa mikate waujaze mvuke kwa makusudi ndani ya tanuri lenye nyuzi joto 230, kisha watoe mkate wenye ganda jembamba, linalong'aa, linalolia "kruu" likiguswa na kisu?

Kwa kifupi, mvuke haulikaushi ganda. Unalichelewesha, na ucheleweshaji wenyewe ni wa dakika kumi na tano au ishirini hivi za mwanzo. Mengine yote yanaanzia hapo.

Donge la unga huingia ovenini likiwa na joto la chumba, tuseme nyuzi 25. Hamira bado iko hai, na joto linapopanda nayo inachachamaa: inakula sukari na kutoa gesi kwa kasi ambayo haikuwa nayo mezani, hadi inapofika nyuzi 55 au 60 ndipo inakufa. Wakati huo huo gesi iliyokwisha kunaswa kwenye vishimo vya unga inatanuka, na ile pombe kidogo iliyotokana na kuchachuka inageuka mvuke. Vyote hivi vinasukuma kutoka ndani kwenda nje. Mkate unaumuka kwa mara ya mwisho, tena kwa nguvu.

Hewa ya oveni ikiwa kavu, ngozi ya juu hukakamaa mapema, kabla ya ndani kumaliza kusukuma. Hapo mkate una njia mbili: ubaki umebanwa, mdogo na mzito, au utafute upenyo na kupasuka. Na ukipasuka haufuati pale ulipopachanja kwa wembe. Hufumuka ubavuni, karibu na chini, kama kiatu kilichoachia soli. Mimi niliyala mengi ya aina hiyo nikiilaumu hamira, kumbe hamira ilifanya kazi yake sawasawa.

Mvuke ukiwepo mambo hubadilika. Unapokutana na donge lililo baridi, hurudi kuwa maji papo hapo, kama unavyouona ukitona chini ya mfuniko wa sufuria. Mkate mzima unavikwa utando mwembamba wa maji. Madhali utando huo upo, ngozi inabaki laini na inavutika, kwa hiyo mkate unaendelea kufura bila kizuizi na michanjo inafunguka vizuri. Tena mvuke huja na joto lake. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji huachia takriban jouli 2,260, zaidi ya mara tano ya nishati ya kuipasha gramu hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100. Ndiyo sababu mvuke wa birika huunguza vibaya sana, na ndiyo sababu uso wa mkate hupata moto haraka huku ukiwa bado umelowa.

Utamu zaidi uko kwenye wanga. Chembe za wanga zilizo juu ya donge hunywa yale maji, zinavimba kwa joto na kuwa ute, kama uji unavyoshika ukiukoroga. Baadaye ute huo hukauka na kuwa ganda. Ukitaka kuuelewa, fikiria kanji kwenye kola ya shati: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inasimama na kung'aa. Mkate uliookwa bila mvuke hauupati ute huu wa kutosha, hivyo ganda lake huwa nene, limefubaa, na lina sura ya vumbi la unga.

Hata hivyo mvuke ukipitiliza muda wake unaharibu. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani hutokea pale sukari na protini za juu zinapopikwa kwa joto la nyuzi 140 na kuendelea, na uso uliolowa hauwezi kufika huko. Maji hayauachi uvuke nyuzi 100. Lazima ukauke kwanza. Mvuke ukiachwa hadi mwisho utapata mkate uliofura vizuri lakini umepauka, na ganda lake linatafunwa kama ngozi. Kwa hiyo nusu ya kwanza iwe ya mvuke na nusu ya pili iwe kavu.

Tanuri za kuoka mikate mingi zina mabomba ya kupuliza mvuke. Mwaustria August Zang, aliyefungua duka la mikate mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, hutajwa sana kuwa ndiye aliyeutangaza uokaji wa mvuke kule. Lakini hata tanuri za matofali za zamani hazikukosa unyevunyevu. Zilipangwa mikate hadi zikajaa, mlango ukafungwa, na maji yaliyotoka kwenye mikate yenyewe yakabaki humo humo.

Oveni ya nyumbani ina shida ya kuvuja. Ile ya gesi ndiyo kabisa, maana imeachiwa matundu ya kutolea moshi wa gesi iliyoungua, na mvuke nao unapita hapo hapo. Ya umeme ina nafuu kidogo. Ndiyo maana chupa ya kunyunyizia maji, ambayo wengi wetu tulianza nayo, ni kujichosha tu: unanyunyiza matone machache, na kila ukifungua mlango moto unatoka. Vipande vya barafu navyo vinakula joto la oveni kwa kuyeyuka kabla havijatoa chochote. Trei ya chuma iliyopashwa moto chini kabisa ya oveni, kisha ikamiminwa kikombe cha maji yanayochemka mara tu mkate unapoingia, hiyo inafanya kazi, hasa kwenye oveni ya umeme. Iwe ya chuma kweli. Niliwahi kumimina maji kwenye bakuli la kioo lililokuwa na moto, likalipuka, na jioni nzima nikawa naokota vigae kwa tochi. Kioo cha mlango nacho hakipendi tone la maji. Kitandikie taulo kavu unapomimina, na kumbuka kuitoa kabla ya kufunga. Vaa glavu ndefu na uso uuweke mbali.

Njia ninayoiamini mimi ni sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko wa kubana. Mwoka mikate wa New York, Jim Lahey, aliivumisha mwaka 2006 pamoja na mkate wake usiokandwa, na hesabu yake inavutia. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inajaza takriban lita 1.7. Sufuria ya lita 5 inahitaji basi gramu 3 tu, chini ya kijiko cha chai. Donge la unga gramu 500 na maji gramu 350 hupoteza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake katika kuoka, yaani gramu 85 au zaidi. Mkate unajitosheleza kwa mvuke. Ulichohitaji ni kuufungia tu usikimbie.

Ipashe sufuria pamoja na mfuniko wake kwa nyuzi 240, nusu saa au zaidi. Donge liweke juu ya karatasi ya kuokea, lichanje, ulishushe humo kwa kushika ncha za karatasi, funika. Baada ya dakika 20 funua. Mkate utakuwa umeshafura wote, rangi yake kama malai, unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta, na mchanjo umeachama. Hapo ndipo wageni wa kazi hii huogopa kwamba haujaiva. Uache wazi dakika 20 au 25 nyingine, mpaka uwe kahawia iliyokolea. Ukiutoa sogeza sikio: ganda linapopoa husinyaa na kupasuka nyufa ndogo ndogo, na mkate unatatarika peke yake mezani.

Mikate laini ya maziwa, siagi na mayai, inayookwa kwenye kopo, usiisumbue na haya yote. Ganda lake linatakiwa liwe laini.

Na asiye na sufuria nzito aweke donge kwenye trei iliyopata moto, alifunike kwa sufuria ya kawaida iliyopinduliwa, isiyo na vishikio vya plastiki, na kuiondoa kwa glavu baada ya dakika zile zile 20.