Saa za ini barafuni hazilingani uzito

Ndugu wa mgonjwa mmoja aliwahi kunisimamisha mlangoni mwa thieta. Alikuwa amesoma mahali kwamba ini halifai kukaa kwenye barafu zaidi ya saa 6, na ini lililokuwa likiletwa kwa ajili ya kaka yake lilikuwa limeshafikisha saa 7. Akaniuliza, "Daktari, hilo si limeshakufa?" Nikamjibu kuwa bado ni zima, nikaingia ndani. Nilimwambia kweli, ila halikuwa jibu la kumtosha mtu mwenye hofu kiasi kile. Nimepandikiza maini kwa miaka mingi na swali lake bado linanirudia, kwa hiyo leo nalijibu kwa nafasi.

Kwanza, saa zenyewe zinahesabiwaje. Tunaanza pale mshipa mkuu wa damu wa mchangiaji unapobanwa na maji ya baridi ya kuhifadhia yanapoanza kupitishwa ndani ya ini. Ini likishatolewa hutiwa kwenye mfuko wenye maji hayo, mfuko huo ukatiwa ndani ya mwingine, kisha vyote vikalazwa kwenye sanduku la barafu. Barafu yenyewe haigusi nyama ya ini. Hesabu inakoma ini linapotoka barafuni na kuwekwa tumboni mwa mpokeaji. Kuanzia hapo hadi damu irudi kuna hesabu ya pili, kwa sababu tunaposhona mishipa ini linapata joto huku bado halina damu. Dakika moja ya kipindi hicho inaumiza kuliko dakika moja ya barafuni. Hospitali nyingine huziunganisha hesabu hizi mbili, kwa hiyo ukisikia takwimu za sehemu mbili zikilinganishwa, uliza kwanza kila mmoja alihesabu mpaka wapi.

Watu wengi hudhani baridi inasimamisha kila kitu. Haisimamishi. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi shughuli za seli hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi, na hiyo sehemu moja inaendelea kula nishati wakati oksijeni haiingii. Akiba ya nishati inapungua saa baada ya saa. Pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli zinakosa nguvu, sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Ndiyo maana maji ya kuhifadhia hayawezi kuwa maji ya chumvi tu. Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitengeneza mchanganyiko wenye molekuli kubwa zisizopenya kwenye seli, laktobioneti na rafinozi, ili maji yabaki nje, na wakaweka potasiamu nyingi ili ilingane na ile iliyomo ndani ya seli. Ulipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1987, hali ilibadilika kabisa. Kabla ya hapo ini lilipaswa kupandikizwa ndani ya saa 6 hadi 8 hivi, na timu nzima ilifanya kazi mbio usiku kucha. Baada yake, saa 12 zikawa jambo linalowezekana. Nadhani ile saa 6 aliyoisoma yule ndugu ni mabaki ya enzi hizo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata madaktari wachanga huchelewa kulielewa. Ini haliumii zaidi likiwa barafuni. Linaumia zaidi damu inaporudi.

Wakati wa baridi, taka za kikemia hujilimbikiza ndani ya seli, hasa suksineti. Ini likishashonwa na vibano vikaachiliwa, damu yenye oksijeni inaingia kwa mkupuo na mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli, zinaichoma ile suksineti yote kwa pupa. Kutokana na mchomo huo zinazalishwa molekuli kali za oksijeni zinazotoboa utando wa seli na kuziharibu mitokondria zenyewe. Seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wa ini, zinaamka na kuita uvimbe. Seli nyembamba zinazotandika mifereji ya damu, ambazo ndizo dhaifu kuliko zote mbele ya baridi, zinabanduka, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, pamoja na chembe nyeupe zinanasa pale zilipobanduka. Kila saa ya barafuni ilikuwa inaongeza kuni, na kiberiti kinawashwa siku hiyo ya damu kurudi. Ini linaweza kuonekana zuri, laini, lenye rangi ya kupendeza kwenye bakuli, kisha likakuonyesha hali yake halisi dakika kumi baada ya kuachilia vibano. Dakika hizo ni ngumu pia kwa daktari wa usingizi, kwa sababu damu ya kwanza kutoka kwenye ini huelekea moyoni ikiwa ya baridi, yenye asidi na potasiamu, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Ndiyo maana tunalisuuza ini kabla ya kulifungulia.

Baada ya upasuaji tunahesabu siku. Tunasema ini limeanza vibaya ikiwa bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo inayobaki kwenye damu, iko miligramu 10 au zaidi kwa desilita siku ya saba, au kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kiko 1.6 au zaidi siku hiyo, au vimeng'enya vya ini, ambavyo huvujia kwenye damu seli zikiumia, vimevuka vizio 2,000 kwa lita ndani ya wiki ya kwanza. Maini mengi yaliyoanza hivyo hupona. Machache hayaamki kabisa, na mgonjwa huyo anahitaji ini jingine ndani ya siku chache, la sivyo tunampoteza.

Lakini deni la baridi linaloniuma zaidi ni la njia za nyongo. Seli za ini hupata damu kutoka pande mbili, ateri na mshipa mkubwa unaotoka utumboni, wakati njia za nyongo zinategemea zaidi ateri peke yake. Zikiumia, hazisemi upesi. Mgonjwa anaruhusiwa, anarudi kwa watoto wake, anaanza kunenepa. Miezi inapita, kisha macho yanakuwa ya njano, mwili unawasha, homa zinakuja na kuondoka, na picha zinaonyesha njia za nyongo zimesinyaa sehemu nyingi ndani ya ini. Kila ninapoziona picha hizo narudi kwenye faili kuangalia saa zilizoandikwa siku ya kwanza.

Je, kuna saa ambayo ukiivuka ini limeharibika? Hakuna. Uchambuzi mkubwa wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa kila saa ya baridi inaongeza hatari ya kulipoteza ini kwa takriban asilimia 1. Unaweza kudharau asilimia 1. Lakini ni kadirio la maini yote kwa jumla, na mgonjwa wangu anapata ini moja. Uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa mchangiaji mwenye zaidi ya miaka 70, au ambaye moyo wake ulisimama kabla ya ini kutolewa, anakuja na hatari kubwa kuliko inayoletwa na saa kadhaa za barafu. Ini la kijana aliyethibitishwa kifo cha ubongo, lisilo na mafuta, linaweza kukaa saa 10 na likaanza kazi bila kelele. Ini lenye matone makubwa ya mafuta kwenye zaidi ya asilimia 30 ya seli zake halivumilii hivyo. Na ini la mchangiaji ambaye moyo ulisimama kwanza limeshaumia likiwa na joto kabla halijaonja baridi, kwa hiyo hilo nataka liwe limeingia ndani ya saa 8, na mimi hulala vizuri zaidi likiingia ndani ya saa 6. Zikipita saa 12, nina wasiwasi na ini la yeyote.

Saa hizo zinapotelea wapi? Watu hutaja ndege na barabara. Kwa niliyoyaona mimi, nyingi hupotea ini likiwa limeshafika. Nakumbuka mgonjwa aliyekuwa amewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Ini lake jipya lilifika mapema, nasi tulikuwa bado tunachambua makovu yaliyoshikamanisha utumbo na ini la zamani, taratibu, damu ikivuja kila tulipogusa. Sanduku lilisubiri pembeni kwa muda mrefu kuliko safari yake. Kosa lilikuwa la kwetu: tulipanga kwa saa za safari, hatukupanga kwa tumbo lile. Siku hizi mgonjwa wa aina hiyo namwingiza thieta mapema zaidi. Hata hivyo sifungui tumbo lake mpaka mwenzangu aliye kwa mchangiaji anipigie simu kusema ameliona ini kwa macho na amelishika. Kumpasua mtu kisha ini likakataliwa ni jambo ambalo sitaki kumwambia yeyote tena.

Mashine zimeanza kubadilisha hesabu hii. Moja hupitisha damu yenye oksijeni kwenye ini likiwa na joto la mwili. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2018, maini yaliyohifadhiwa hivyo yaliumia kwa nusu, kwa kipimo cha vimeng'enya, yakilinganishwa na ya barafuni, ingawa yalihifadhiwa kwa muda mrefu zaidi. Nyingine hupitisha maji ya baridi yenye oksijeni kwa saa chache baada ya sanduku, na mitokondria zinaitumia ile suksineti polepole kabla damu haijaja. Jaribio lililoongozwa kutoka Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2021, liliwafuatilia waliopata maini ya wachangiaji ambao moyo ulisimama kwanza: waliopata usumbufu wa njia za nyongo kusinyaa walikuwa asilimia 6 upande wa mashine na asilimia 18 upande wa barafu peke yake. Takwimu hiyo ndiyo iliyonishawishi. Kule Zürich, Uswisi, ini limewahi kutunzwa kwenye mashine siku 3 kisha likapandikizwa kwa mgonjwa. Mashine ni ghali na zinataka watu waliofunzwa, kwa hiyo zikiwa chache, ningeanza na maini yenye mafuta na yale yaliyoumia kwa joto.

Yule kaka mtu, kwa taarifa yenu, alipewa ini la kijana, lisilo na mafuta, na tumbo lake halikuwa limewahi kupasuliwa kabla ya siku hiyo. Lilitoka barafuni likikaribia saa 9. Nyongo ya rangi ya dhahabu ilianza kutiririka kabla hatujafunga tumbo, na safari hii nilipotoka nje nilikaa chini na ndugu yake nikamweleza yote.