Kutoa ratiba kwenye faili la Palm bila kuvuruga saa

Hapa Kigoma bado zipo kompyuta za mkononi za Palm zilizolala kwenye droo za watu, ratiba za miaka kadhaa zimo ndani na simu ya leo haizifungui. Kuzitoa si kazi kubwa. Kazi ni kuzitoa saa zikiwa sahihi.

Usianze na kifaa chenyewe. Palm nyingi za zamani zilitunza data kwenye kumbukumbu inayotegemea betri. Betri ikifa kabisa, vyote vimefutika. Tafuta kwenye kompyuta iliyokuwa ikiunganishwa nacho, au kwenye nakala za akiba, faili liitwalo DatebookDB.pdb. Linakili, ufanyie kazi nakala. Ukikuta datebook.dat, hilo ni la Palm Desktop na mpangilio wake ni mwingine kabisa. Lifungue kwa programu hiyohiyo.

Jina la faili lisikutoshe. Lifungue kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili kwa hex, yaani namba za msingi wa 16. Baiti 32 za kwanza ni jina la hifadhidata, na ukihesabu kuanzia 0, kwenye baiti ya 60 utasoma DATAdate. Baiti ya 76 na ya 77 zinataja idadi ya rekodi. Orodha yake inaanzia ya 78, kila rekodi baiti 8: nne za mahali ilipo, moja ya alama, tatu za namba yake ya pekee. Kwenye ile ya alama, penye biti ya 80 (kwa hex) ni rekodi iliyofutwa, iruke. Penye biti ya 10 ni siri. Siri hiyo ni alama tu, maandishi hayakufichwa, kwa hiyo muulize mwenyewe kabla hujamkabidhi mtu mwingine faili.

Sasa rekodi yenyewe. Tuseme inaanza hivi:

08 1E 09 1E CA 6E

08 1E ni 08:30, yaani saa mbili na nusu asubuhi. 09 1E ni mwisho wake, saa tatu na nusu. CA 6E ndiyo tarehe, imebanwa kwenye biti 16: saba za mwaka kuanzia 1904, nne za mwezi, tano za siku. Hapa ni 101, 3 na 14, basi ni tarehe 14 Machi 2005. Kwenye faili la ICS, lile la kalenda linalofunguka kwenye simu za leo, inakuwa:

DTSTART:20050314T083000
DTEND:20050314T093000

Usiweke Z mwishoni! Baadhi ya programu za kugeuza huiweka zenyewe, na Z maana yake ni saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko saa 3 mbele, hivyo kikao cha saa mbili na nusu kinahamia saa tano na nusu. Palm haikuandika ukanda wa saa kwenye rekodi hizi. Kujaza Africa/Dar_es_Salaam kila mahali nako ni kubahatisha: mwenye ratiba akiwa alivuka kwenda Bujumbura au Kalemie, kule wako nyuma yetu kwa saa moja, na huenda aliandika saa za kule. Iache saa kama ilivyo, bila ukanda.

FF FF kwenye saa ya kuanza si kosa, ni tukio lisilo na saa: liandike kwa tarehe tupu. Kwenye mwisho wa marudio maana yake ni "bila kikomo". Programu isiyojua hilo itakupa tarehe 31 ya mwezi wa 15, mwaka 2031.

Maandishi yako kwenye Windows-1252, mfumo wa zamani wa kuhifadhi herufi. Kiswahili kitapita salama, lakini Kifaransa cha ng'ambo ya ziwa kitaharibika kila penye é, mpaka uyapitishe kwenye programu ya iconv kwenda UTF-8, mfumo wa leo. Na mtu akiwa ameandika "boti saa 4" huku rekodi ikisema 10:00, usimsahihishe. Ni saa ileile.

Ile namba ya pekee ya rekodi itumie kama UID, yaani kitambulisho cha tukio kwenye ICS. Ukiingiza faili mara ya pili baada ya kurekebisha, kalenda nyingi zitabadilisha tukio lililopo badala ya kuongeza jingine juu yake.