GeneXpert inajuaje kwamba TB hii haisikii dawa?

Makohozi yakiingia kwenye mashine ya GeneXpert, baada ya saa mbili hivi majibu hutoka: kuna TB au hakuna, na kama ipo, ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, au la. Kabla ya kipimo hiki, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010, jibu la pili kwa kawaida lilisubiri wiki kadhaa bakteria waoteshwe maabara. Kwa mgonjwa anayemeza dawa isiyomfaa, wiki hizo ni nyingi mno.

Usugu huo, kwa zaidi ya asilimia 95, hutokana na kipande cha herufi 81 tu za DNA (A, T, G na C) katika jeni ya bakteria iitwayo rpoB. Mara nyingi herufi moja ikibadilika inatosha. Kazi basi ni kuitambua hiyo moja.

Hufanywa na probu, nyuzi fupi za DNA zinazotengenezwa kiwandani. Muundo wake ulibuniwa New York na Sanjay Tyagi na Fred Kramer, wakautangaza mwaka 1996. Sehemu ya katikati hulandana na DNA ya bakteria. Ncha mbili hulandana zenyewe kwa zenyewe na kushikana kuwa shina, hivyo uzi hujikunja kama kibanio cha nywele. Ncha moja ina rangi inayong'aa, nyingine ina kizimishi, kinachouzima mng'ao huo kikiwa karibu. Probu ikikutana na DNA inayolandana nayo hasa, hufunguka na kuwaka.

Kwa nini ikunjwe? Uzi ulionyooka hushika hata DNA yenye kosa moja. Uliokunjwa una pengine pa kubaki, kwa hiyo haufunguki mpaka herufi zote zilandane. Huo ndio ustadi ninaoustaajabia: probu nzuri ni ile inayojua kukataa.

Kupima nguvu ya shina ndipo penye ugumu. G na C hushikana kwa nguvu kuliko A na T. Shina likizidi uimara probu haifunguki kamwe, likilegea inawaka bila bakteria.

Probu tano hugawana zile herufi 81. Zote zikiwaka, rifampisini inatarajiwa kufanya kazi. Moja ikigoma au ikichelewa, ni dalili ya usugu. Ya sita huthibitisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi.

Ila probu husoma herufi, si maana yake. Yapo mabadiliko yasiyoathiri protini wala dawa, nayo yaliwahi kuripotiwa kama usugu. Toleo jipya la kipimo hiki, Ultra, lililopendekezwa mwaka 2017, lina probu zinazovumilia makosa kwa makusudi: mashine hupandisha joto na kupima kila moja inaachia DNA kwenye nyuzijoto ngapi, na hapo badiliko lenyewe hujitambulisha.