Dakika 201 za Jeanne Dielman: kwa nini wengine huondoka na wengine hubaki

Tangu mwaka 1952, jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi wataje filamu bora kuliko zote. Desemba 2022 lilitangaza kwamba kura za watu 1,639 zimeiweka kileleni filamu ya Chantal Akerman ya mwaka 1975, Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ilikuwa mara ya kwanza filamu iliyoongozwa na mwanamke kushika nafasi hiyo, ilhali miaka kumi nyuma haikuwamo hata katika thelathini za juu. Wengi ambao hawakuwahi kuisikia waliitafuta wakati huo, na tangu hapo wanafunzi wangu wa uhariri, jamaa zangu na hata wahariri wenzangu wameniuliza swali lile lile: filamu ya mama anayemenya viazi inakuwaje bora kuliko zote? Kuhusu nafasi yake katika orodha sitabishana na mtu. Ninachotaka kueleza ni jambo ambalo kazi ya kukata na kuunga picha imenipa nafasi ya kuliona kwa karibu: mgawanyiko wa watazamaji umejengwa ndani ya urefu wa shoti za filamu hii, yaani vipande vya picha kati ya mkato mmoja na mwingine, na anayechoshwa nayo na anayeshikwa nayo wote wawili wanaguswa na kitu kimoja.

Hadithi yenyewe ni fupi. Jeanne ni mjane anayeishi Brussels na mwanawe Sylvain, kijana wa shule. Tunamtazama kwa siku tatu akitandika kitanda, akipiga viatu vya mwanawe rangi, akienda dukani, akipika, akisugua beseni la kuogea. Kila alasiri hupokea mwanamume mmoja anayelipa, na fedha huzitia ndani ya bakuli la supu la kaure lililo juu ya meza ya chakula. Siku ya tatu anamuua mteja wake kwa mkasi. Nautaja mwisho huu bila kuuficha kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi inauhusu.

Kamera ya mpiga picha Babette Mangolte haisogei hata mara moja. Imewekwa chini kidogo kuliko ilivyozoeleka, ikiutazama ukuta moja kwa moja, na haimkaribii Jeanne ili tuone machoni mwake anawaza nini. Muziki wa kutuambia tuhuzunike au tuogope haupo. Kuna mlio wa visigino vyake sakafuni, maji ya bomba, na swichi ya taa anayoizima kila anapotoka chumbani. Akerman alikuwa na miaka 24 alipoipiga filamu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa ameishi New York, ambako aliziona filamu za majaribio za Michael Snow na kujifunza jinsi muda unavyoweza kuwa kiini cha filamu badala ya kuwa chombo cha kubebea kisa. Matendo ya nyumbani, kwa upande mwingine, aliyatoa kwa wanawake waliomlea, akiwamo mama yake, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Sasa niseme kama mhariri. Tunafundishwa kukata pale ambapo mtazamaji amekwisha kuelewa. Mama anamenya viazi: sekunde nne zinatosha, twende mbele. Akerman hakati. Kwanza unaelewa, kisha unasubiri, kisha unachoka, na baada ya uchovu huo, kwa kuwa hakuna habari mpya inayoletwa, macho yenyewe huanza kutafuta kazi: yanaziangalia kucha, yanahesabu vigae, yanapima kama kisu kinakwenda kwa mwendo ule ule wa dakika iliyopita. Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika. Aliyekuja akitegemea kupewa kitu huhisi amedhulumiwa, na hisia yake si ya kijinga, kwa sababu kweli amenyimwa kitu ambacho karibu filamu zote humpa. Yule ambaye macho yake yamekwisha kuanza kukagua hujikuta amegeuka kuwa mlinzi wa utaratibu wa Jeanne, anayejua kila chombo kinakaa wapi.

Husemwa mara nyingi kwamba filamu hii inaonyesha kila kitu kwa muda wake halisi. Sivyo, kwani siku tatu haziwezi kuingia katika dakika 201 bila mikato mingi. Siku ya kwanza mteja anapoingia chumbani na Jeanne, kamera inabaki ukumbini mbele ya mlango uliofungwa. Mkato mmoja tu, mwanga unafifia, mlango unafunguka, na saa nzima au zaidi imepita. Filamu nyingine ingeyaonyesha yale ya chumbani na kuviruka viazi. Akerman amegeuza hesabu hiyo, na nadhani hasira ya baadhi ya watazamaji hutokana na ugeuzaji huu zaidi ya kutokana na urefu, kwa sababu wengi wao hutazama filamu za vita za saa tatu bila kulalamika.

Malipo ya subira yako katika siku ya pili. Baada ya mteja wa pili kuondoka, Jeanne anatokea nywele zikiwa zimevurugika kidogo, anasahau kulifunika bakuli la fedha, na viazi vimeiva kupita kiasi. Anazunguka na sufuria nyumbani kwake kama mgeni, hajui aiweke wapi. Kwa aliyeingia ukumbini dakika hiyo hakuna kilichotokea, lakini kwa aliyekaa tangu mwanzo nyumba nzima imetikisika. Siku ya tatu makosa yanaongezeka: ameamka mapema mno, kifungo cha nguo kimerukwa, kahawa haina ladha hata akiipika upya, kiti chake cha kila siku mkahawani kimekaliwa na mtu mwingine. Hakuna anayetamka neno kuhusu kinachomsumbua. Kitisho chote kinatoka kwenye tofauti kati ya leo na juzi, na tofauti hiyo inaonekana tu kwa sababu juzi tulioneshwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo anayeondoka katika saa ya kwanza huondoka wakati filamu ingali ikimfundisha kuitazama. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mei 1975 katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwenye sehemu yake iitwayo Quinzaine des Réalisateurs (Wiki Mbili za Waongozaji), ambako Akerman na mwigizaji wake mkuu, Delphine Seyrig, waliketi nyuma na kusikia viti vikigonga watu walipokuwa wakiinuka kuondoka. Baadaye Akerman alisimulia pia kwamba siku iliyofuata mialiko ya matamasha mengine ya filamu ilianza kumiminika.

Ninapoionesha filamu hii kwa wanafunzi, wanaolitambua kosa la viazi mapema ni wale waliowahi kubeba jiko la nyumba, wanaume kwa wanawake. Huguna kabla Jeanne hajafunua sufuria, kwa kuwa wamehesabu muda. Lakini kundi hilo hilo ndilo lililonipa pingamizi ninaloliheshimu sana. Mwanafunzi mmoja, mhariri hodari, alisema: “Mwalimu, haya nimemwona mama akiyafanya maisha yangu yote. Kwa nini nilipe nauli na kiingilio kuja kuyaona tena?” Sina jibu la kumfunga mdomo. Filamu iliyazungumzia matendo ambayo sinema ilikuwa haiyatazami, na kwa ukumbi wa Ulaya wa mwaka 1975 kulikuwa na mshtuko wa ziada: Seyrig alijulikana kama bibi wa madaha kutokana na filamu ya mwongozaji Mfaransa Alain Resnais ya mwaka 1961, na sasa mwanamke huyo huyo alikuwa akipaka unga na chenga za mkate vipande vya nyama ya ndama. Asiyemjua Seyrig anaukosa mshtuko huo kabisa, na hakuna maelezo ya darasani yanayoweza kuurudisha.

Mjadala wa jumla kuhusu filamu za mwendo wa polepole umekuwa na tija ndogo kuliko pingamizi la mwanafunzi wangu. Mwaka 2011 Dan Kois, akiandika katika jarida la gazeti la New York Times, alizifananisha filamu za aina hii na mboga ambazo mtu hujilazimisha kuzila kwa faida yake. Wahakiki wa gazeti hilo hilo, Manohla Dargis na A. O. Scott, walimjibu kwa kuutetea uchoshi wenyewe. Athari ya majibizano hayo, kwa maoni yangu, ni kwamba wasomaji wengi walibaki wakipima subira ya mtazamaji kana kwamba ni tabia njema au mbaya, na hoja ya namna hiyo humfanya mtu aone aibu kukiri alichokihisi. Mwaka 2022 Paul Schrader, mwongozaji ambaye mwenyewe aliandika kitabu maarufu kuhusu utulivu katika sinema mwaka 1972, aliipinga nafasi ya kwanza ya Jeanne Dielman huku akisema kwamba filamu yenyewe ni kubwa na anaipenda. Kwa hiyo hata waliomo kambini hawakubaliani.

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu, linatoka kwa waliobaki hadi mwisho. Wanasema kwamba mauaji yanaivunja filamu: baada ya saa tatu za kutufundisha kwamba kifungo kilichorukwa ni tukio, Akerman analeta mkasi na damu, yaani tukio la filamu za kawaida. Nilikuwa na maoni hayo kwa muda mrefu na bado sijayaacha yote. Kinachonipunguzia shaka ni uhariri. Mauaji hayapewi shoti ya karibu, hayapewi sauti ya pekee, wala muda mrefu kuliko tendo la kutandika kitanda. Kisha inafuata shoti ya takriban dakika saba ambamo Jeanne ameketi mezani, ndefu kuliko kisa hicho cha mkasi. Akerman alikataa kukipa kifo upendeleo alioinyima kahawa.

Ukiitazama nyumbani, ambako simu iko karibu na kitufe cha kusimamisha kiko mkononi, nakushauri usiikate popote upendapo. Akerman ameweka maandishi mwishoni mwa siku ya kwanza na ya pili. Ukihitaji kupumzika, simama hapo, kisha urudi usiku ule ule, kwa sababu ukilala na kuamka utakuwa umesahau taa ipi huzimwa kwanza, na bila kumbukumbu hiyo siku ya tatu itakuwa tena mama anayemenya viazi.