Hakimu akiuliza "una pingamizi?" hapo ndo pa kusema

Watu wengi wanaokuja kwetu kuomba msaada wa kisheria wanakuja ndugu yao keshafungwa, wanasema yale maelezo alisaini polisi kwa kipigo, na mimi swali langu la kwanza huwa ni je, siku maelezo yanatolewa mahakamani alisema? Mara nyingi hakusema, alisubiri zamu yake ya kujitetea. Inaniuma sana kwa sababu hapo tayari kachelewa, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshalisema hili mara nyingi.

Iko hivi. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 inaruhusu mtu aliyekiri kosa mbele ya polisi maelezo yake yatumike, ila lazima awe amekiri kwa hiari, na kuthibitisha hiyo hiari ni kazi ya upande wa mashtaka, sio yako. Sasa shahidi akiomba maelezo ya onyo, yaani yale uliyoandikishwa polisi baada ya kuonywa, yapokelewe kuwa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi, hakimu atakugeukia akuulize kama una pingamizi. Sema hapo hapo, kwa Kiswahili chako cha kawaida tu, nilipigwa, au hayo sikuyasema mimi. Ukidai ulipigwa mahakama inasimamisha kesi kubwa kwanza inachunguza hilo, Mahakama Kuu wanaita kesi ndani ya kesi.

Kuna na suala la muda, watu hawalijui kabisa. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 polisi wana masaa 4 ya kukuhoji tangu wakukamate, muda wa kukusafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, na muda wa kuhoji ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yanaweza kukataliwa, ingawa sio moja kwa moja, maana sheria hiyohiyo inamwachia hakimu apime uzito wa kosa lenyewe, ukubwa wa ukiukwaji na maslahi ya umma, na anayetaka ushahidi huo uingie ndo anayetakiwa kumshawishi.

Kitu kingine, nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mshtakiwa asikie kilichomo. Isiposomwa, kwenye rufaa inafutwa kwenye kumbukumbu za kesi. Ila msishangilie mapema, shahidi aliyeyaeleza mambo yaleyale kwa mdomo ushahidi wake unaweza kubaki na ukatosha kumfunga mtu.

Vitu vilivyokamatwa navyo, hasa vinavyobadilishika kirahisi kama dawa za kulevya za unga au pesa, inatakiwa ijulikane nani alikishika, akampa nani, kikatunzwa wapi mpaka kikafika mahakamani.

Kama ndugu yako yuko mahabusu sasa hivi, nenda kamuulize alikamatwa saa ngapi, alihojiwa saa ngapi, nani alikuwepo, kama ana majeraha yaonwe na daktari, na yote hayo yaandikeni leo kabla hamjasahau.