Agua fresca: maswali na majibu kuhusu maji ya matunda ya Meksiko

Agua fresca ni nini? Si juisi tu yenye jina la Kihispania?

Si juisi. Agua ni maji, na jina zima lina maana ya maji baridi ya kuburudisha. Kwenye mikahawa midogo ya Meksiko iitwayo fonda, chakula cha mchana huja na gilasi ya agua ya siku hiyo: leo tikiti maji, kesho nanasi, keshokutwa tango kwa ndimu. Sokoni wauzaji huijaza kwenye mitungi mikubwa ya kioo, vitrolero, wakaipanga kwa rangi na kuichota kwa upawa. Kwenye juisi tunda ndilo bwana. Hapa bwana ni maji, tunda limekuja kuyatia ladha na rangi tu. Ukilishika hilo, karibu kila swali la afya kuhusu kinywaji hiki linajijibu lenyewe.

Nitaitengenezaje nyumbani?

Anza na tikiti maji, kwani ni vigumu kuliharibu. Chukua vikombe vinne vya vipande visivyo na mbegu, visage kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja cha maji, kisha mimina kwenye jagi na uongeze maji vikombe vitatu. Kamulia ndimu moja, tia chumvi chembe chache, koroga. Onja kabla ya kuwaza sukari. Tikiti likiwa limeiva sawasawa, hutaihitaji.

Wengine huchuja. Mimi nashauri usichuje, kwa sababu nyuzinyuzi zote zinabaki kwenye chujio na wewe unakunywa maji matamu. Zikitulia chini ya jagi, koroga tena.

Kwa nanasi, papai au tikiti tamu la njano, mwendo ni huohuo. Ukwaju hulowekwa kwenye maji moto, ukaupekecha kwa mkono mpaka nyama yake itoke kwenye mbegu, ndipo ukachuja. Jamaica, ile nyekundu iliyokoza, ni rozela, ambayo wengine huiita choya: kikombe kimoja cha rozela kavu kwenye lita moja ya maji yanayochemka, funika dakika kumi na tano, chuja, ongeza lita moja ya maji baridi. Tumia sufuria ya stenlesi au ya enameli, maana uchachu wake hula alumini. Usishangae kuona ukwaju, rozela na tikiti maji vimekaa pamoja kwenye meza ya Meksiko: mimea yote mitatu asili yake ni Afrika.

Ganda la tikiti tunalitupa. Kwa nini nilioshe?

Kwa sababu kisu hupita kwenye ganda kabla ya kufika kwenye nyama, na vilivyoko nje vyote huingia nacho. Tikiti tamu lenye ganda la vipele kama wavu ndilo baya zaidi, kwani uchafu hujificha kwenye vile vipele. Mwezi Oktoba 2002 Marekani ilizuia matikiti ya aina hiyo kutoka Meksiko, baada ya watu kuugua salmonela, bakteria wa kuharisha, kwa misimu mitatu mfululizo. Sugua ganda kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, likaushe, ndipo ukate.

Maji ya bomba yanafaa?

Kama kwenu watu huyachemsha kabla ya kunywa, basi na haya yachemshe. Nyumba nyingi za Meksiko hazinywi maji ya bomba: hununua maji yaliyosafishwa kwenye madumu ya lita 20, garrafón, na agua fresca hutengenezwa kwa hayo. Ukichemsha mwenyewe, yaache yatokote dakika moja nzima. Ukiishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ziwe dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Mexico City iko kwenye mita 2,240 hivi, kwa hiyo kule hili ni jambo la jikoni la kila siku.

Watu wengi hukosea kwenye barafu. Wanachemsha maji kwa uangalifu, kisha wanatumbukiza vipande vilivyogandishwa kwa maji ya bomba. Baridi haiui vijidudu vya taifodi wala kipindupindu, huvilaza tu. Ndimu nayo haisafishi maji, hata ukamue kumi.

Kinywaji hiki ni bora kuliko soda?

Inategemea mkono wako kwenye kopo la sukari.

Tuhesabu. Tikiti peke yake, kwa kipimo nilichokupa, linakupa takriban gramu sita za sukari kwa gilasi ya mililita 250. Sasa chukua kipimo kinachopendwa na wengi: kikombe kizima cha sukari kwa lita mbili. Hizo ni gramu 200 zilizogawanywa kwenye gilasi nane, yaani gramu 25 kila gilasi, vijiko sita vya chai, kabla hujahesabu tunda. Soda ya ujazo huohuo haina tofauti kubwa na hapo. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Gilasi moja imemaliza posho ya siku nzima.

Tangu tarehe 1 Januari 2014 Meksiko hutoza kodi vinywaji vyenye sukari vya viwandani, ikianza na peso moja kwa lita. Kodi hiyo haifiki kwenye jagi lako. Neno “cha nyumbani” limewapoza watu wengi roho, wakanywa lita nzima mchana wakidhani wanajitunza.

Ukishindwa kuacha sukari mara moja, anza na vijiko viwili vya chakula kwa lita mbili, na upunguze kila wiki. Ulimi hujifunza upesi kuliko tunavyodhani. Chumvi ile chembe, ndimu, majani ya mnanaa au kijiti cha mdalasini huupoza ulimi unaodai utamu.

Nina kisukari. Niache kabisa?

Si lazima. Ya tango na ndimu, au jamaica bila sukari, haina shida kwa wengi. Ya tunda tamu iwe gilasi moja, pamoja na chakula, bila kuchujwa, kisha pima sukari yako uone mwili umesemaje. Horchata, ile nyeupe ya mchele na mdalasini, waachie wengine: ni wanga uliotiwa sukari. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu azungumze kwanza na daktari wake kuhusu tikiti maji.

Mama anatumia dawa za presha, na amesikia jamaica inashusha presha. Aache dawa?

Asiache. Ni kweli rozela huweza kushusha presha kidogo, na ndiyo sababu ya kuwa makini: ikiongezwa juu ya dawa, huenda presha ikashuka kupita kiasi, akaona kizunguzungu anapoinuka. Gilasi moja moja haina neno, ila amwambie daktari wake kama anainywa kila siku. Mjamzito asiinywe kwa wingi.

Nimeletewa mtungi mzuri wa udongo kutoka Meksiko. Niuweke kinywaji humo?

Uweke maua. Baadhi ya vyombo vya jadi vya kule hung’arishwa kwa rangi yenye madini ya risasi, na vinywaji vichachu kama jamaica, ukwaju na ndimu huyayeyusha polepole yakaingia kwenye gilasi. Huyaoni wala huyaonji. Madhara yake makubwa ni kwenye ubongo wa mtoto na mimba. Kioo kinatosha, hata wauzaji wa sokoni hutumia kioo.

Naweza kumpa mtoto anayeharisha?

Kwa kuharisha mpe ORS ya pakiti, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Agua fresca haina chumvi ya kutosha, na ikiwa na sukari nyingi huzidisha kuhara. Aliye chini ya miezi sita hanywi kitu zaidi ya maziwa ya mama, na ORS akiharisha, na asali isimguse midomo kabla ya mwaka mmoja.

Inakaa siku ngapi?

Ya tunda, siku mbili kwenye friji. Ya mchele uinywe siku hiyohiyo. Ikikaa mezani zaidi ya saa mbili, usiirudishe kwenye friji ukidhani imepona.

Na jambo moja ambalo haliulizwi: usikamue ndimu ukiwa umekaa juani. Maji yake yakikutana na jua kwenye ngozi huiunguza, na siku moja au mbili baadaye yanatokea malengelenge, kisha mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa. Kamua kivulini, na unawe kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kutoka nje na jagi.